Mkono wa Nne wa Kabina

Waliwekwa watu watatu, wakajibu wanne.

Mambo yalianza hivyo, bila kishindo. Cirhuza alikuwa ndani ya kabina ya zamani ya umeme, kijumba cha kugawia nyaya kilichojengwa na Wabelgiji kwenye mteremko ulio juu ya mtaa wa Nyawera, na kazi aliyokuwa akiifanya alikuwa ameizoea hata akaifanya huku anapiga mluzi. Kabina ilikuwa ibomolewe. Laini mpya ilikwisha kupita upande wa pili wa kilima, na hii ya kale ilikuwa inangoja koleo na nyundo tu. Lakini Cirhuza, chef wa kikosi, hakukata waya wowote kabla ya kuujaribu.

Nyaya zilizotoka kabinani waliziita mikono. Aliweka mtu kwenye mwisho wa kila mkono, akachomoa fyuzi ya mkono huo kwa muda mfupi, akatega sikio. Aliyeona taa imekufa alipiga ukelele, "Imezimika!" na Bukavu ni mji wa vilima, sauti huvuka bonde bila shida. Kisha fyuzi ilirudishwa. Na ndipo walipojitokeza wale wasiojulikana: fundi cherehani aliyejiungia waya kwa siri, mwenye baa mwenye friji ya magendo, wote wanakuja mbio wakitukana mama za watu. Cirhuza alicheka, akawatafutia njia nyingine, na siku ya kukata kweli hakuna aliyelia. Wenzake walimwona mzito kama jiwe la kusagia. Yeye alikuwa na jibu moja tu: "Kujaribu hakuuwe mutu."

Siku hiyo Baguma alisimama kwenye kinu cha mahindi, Bisimwa kwenye nguzo ya mwisho karibu na kiwanda cha mbao, na kwenye dispensari ya mteremko wa mbele hapakuhitajika kutuma mtu, kwa sababu Georgette, mkewe Cirhuza, alikuwa mkunga pale na mapafu yake yalitosha kuita parokia nzima.

"Imezimika!" akasema Baguma.

"Imezimika!" akasema Bisimwa.

"Imezimika, Citoyen!" akasema Georgette, na hata kwa mbali ungesikia kicheko ndani yake.

Ilikuwa miaka ile ya authenticité, amri ya serikali ya kurudi kwenye majina ya mababu. Majina ya watakatifu yalikatazwa ofisini na barabarani, kila mtu akaitwa citoyen au citoyenne, yaani mwananchi, na vijana wa chama tawala walikuwa na masikio marefu. Georgette aliicheza ngoma hiyo kwa ustadi. Nje ya nyumba mumewe alikuwa Citoyen, kwa kejeli kidogo. Mlango ukishafungwa alikuwa Raphaël, jina alilompendea tangu walipoimba kwaya pamoja. Tangu amri itoke hakuwahi kuyachanganya majina hayo mawili, si nje wala ndani. Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita baada ya mbili zilizoharibika, na Cirhuza alikuwa akilisubiri jina hilo kila jioni kama mwenye njaa.

Alikuwa ananyoosha mkono kurudisha fyuzi ya dispensari, sauti nyingine ikajibu. Haikutoka kilimani. Ilitoka ukutani, nyuma ya ubao mweusi, chini na polepole, sauti ya mtu aliyengoja foleni kwa muda mrefu.

"Yangu bado."

Pakanuka nywele zilizoungua na tope la ziwani. Cirhuza akafikiri ni utani wa Baguma, akarudisha fyuzi, akatoka nje kuvuta sigara. Bisimwa akapanda mteremko akihema.

"Chef," akauliza, "ule mutu ya ine, ulimuweka wapi?"

Walibandua ubao. Nyuma yake palikuwa na mkono wa nne, fyuzi yake ya kaure nyeupe kama jino, na kebo nene iliyoshuka moja kwa moja ardhini. Haikwenda kwenye nyumba yoyote. Cirhuza akaigusa kwa mgongo wa kiganja. Ilikuwa na joto la shingo ya mtu mwenye homa.

"Hiyo muiache!"

Aliyesema alikuwa Maman Domitille, bikizee muuza makaa aliyeishi ukuta kwa ukuta na kabina. Huyu hakubadilisha jina lake hata vijana wa chama walipomtishia, mpaka wakamchoka wao. Alikuwa na rozari shingoni, na kwenye pindo la kitenge alifunga vitu ambavyo padri hakuvijua. Watu waliozidiwa na mambo ya giza walimwendea kwa mlango wa nyuma.

"Wakati bazungu walikuwa banajenga hapa," akaeleza kwa kunong'ona, "bafundi walikufa. Moja alipasuka kichwa, ingine tulimukuta amekunjwa kama nguo. Ndiyo bakaleta muislamu moja wa Kasongo, mutu ya kujua majini. Akasema hapa iko na mwenyewe, hawezi kumufukuza, anaweza kumufunga tu. Akamufunga na courant, ile umeme. Ile waya haiko ya taa, mutoto wangu. Iko kamba."

"Maman, bakubwa banataka kabina itoke."

"Itoke. Hiyo moja ibakie."

Cirhuza alicheka, lakini si kwa moyo wote. "Siko nakata leo. Nitajaribu tu, nione. Kujaribu hakuuwe mutu."

Bikizee akamtazama kwa huruma. "Mbuzi ukimulegezea kamba kidogo, hajue. Ukilegeza sana, utamutafuta mu shamba ya batu."

Ingénieur Murhula, mhandisi aliyesimamia ubomoaji, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa Bukavu aliyesoma mbali akarudi na haraka. Wakubwa wa chama walikuwa wanakuja kuzindua kabina mpya, naye hakutaka waione ile ya ukoloni imesimama pale na vumbi lake. Aliposikia habari ya mkono wa nne alikuna kidevu.

"Hakuna plan inaonyesha ile kebo," akasema. "Basi jaribu, citoyen, ndiyo method yako. Batu wakijibu kama taa zao ziko zinawaka, munakata."

Hilo lilikuwa sawa kabisa, na Cirhuza alilikubali. Akawarudisha watu mahali pao mchana wa siku iliyofuata, mawingu yakiwa yameshuka mpaka juu ya mabati. Safari hii kazi yao ilikuwa kuangalia kama taa zinawaka bado. Kupitia mlango wa kabina aliwaona wote: Baguma mlangoni pa kinu, Bisimwa juu ya nguzo, na Georgette kwenye baraza ya dispensari, mkono mmoja juu ya tumbo.

Akashika fyuzi ya nne. Akachomoa.

Mvumo wa kabina ukakatika, ule ambao mtu hausikii mpaka unyamaze. Baguma akafungua kinywa kujibu, "Ina," na neno halikuisha, kwa sababu mkanda wa kinu ulimdaka mkono, ukamvuta ndani hadi bega, hadi taya, na unga ukatoka kwenye mdomo wa kinu ukiwa mwekundu, wanawake waliokuwa na vikapu wakikimbia wakiangukiana. Ukuta nyuma ya Cirhuza ukavimba, ukapasuka, na kitu kikampita begani, kirefu, chenye mwili wa mtu aliyeungua kisha akasahauliwa majini, kikashuka mteremko bila haraka, na kila aliyekutana nacho njiani kilimshika kwa mikono miwili kikamvunja kama watu wanavyovunja muwa, muuza ndizi, mwanafunzi, askari aliyefyatua bunduki yake mara moja tu. Kikafika kwenye nguzo, kikamchuma Bisimwa kule juu, kikampasua kuanzia kisogoni mpaka kiunoni, na hapo, Mungu wangu, kikaingia ndani ya ngozi yake kama mtu anayevaa koti la mvua, kikajinyoosha mabega, kikageuka kutazama kabina kwa uso wa Bisimwa na kusema kwa sauti ya Bisimwa, "Chef, inawaka," kisha kikaanza kupanda mteremko wa mbele kuelekea dispensari, na Cirhuza aliyekuwa na fyuzi mkononi alitaka kuirudisha lakini mkono ulikuwa umekufa ganzi, akaona Georgette akirudi nyuma, akaona anakinga tumbo kwa mikono yote miwili, akaona mikono hiyo inaondolewa mmoja mmoja, akasikia ukelele ambao haukuwa wa mkunga wala wa mwimba kwaya, ukelele wa mnyama, na damu ikamwagika kwenye ngazi za dispensari kama ndoo iliyopinduliwa, ndipo naye akapiga kelele, akajitupa mbele, akaisukuma fyuzi mahali pake kwa kifua.

Mvumo ukarudi.

"Chef!" Baguma alikuwa anaita kutoka kwenye kinu, mzima, mkono wake ukiwa mfukoni. "Juu ya nini unanyamaza? Tumejibu bote!"

"Inawaka, miye nilishasema!" akadakia Bisimwa kutoka kwenye nguzo.

"Inawaka, Citoyen! Umelala?" akauliza Georgette, na watu barabarani wakacheka.

Cirhuza aligeuka akapapasa nyuma yake. Ukuta ulikuwa mzima. Hapakuwa na damu popote. Alielewa kwamba aliyechomoa ndiye aliyeonyeshwa, peke yake, na kwamba alichoonyeshwa ndicho kitakachotokea siku ya kukata. Alishukuru Mungu kwa desturi yake. Kama angekata moja kwa moja, mkewe angekuwa nyama.

Jioni hiyo, mlango umefungwa, alimshika Georgette kwa muda mrefu, mpaka mke akamuuliza, "Raphaël, uko na nini leo?" Hakumwambia. Mambo mengine hayasemwi mbele ya tumbo.

Murhula alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Batu walijibu ao hawakujibu?"

"Walijibu, ingénieur, lakini..."

"Walisema nini?"

"Walisema inawaka."

"Basi jaribio ilipita! Wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha kuamini sauti ya mutu mwenye kusimama kwa mwisho. Leo unataka niamini ndoto?" Akamwekea mkono begani, kwa upole. "Umechoka, citoyen. Kabina itatoka."

Hapo Cirhuza alishikwa na wazo lililomgharimu maisha yake yote, na lilikuwa wazo lake mwenyewe, limetoka katika desturi yake. Wengine wangelala mlangoni, au wangemwita bikizee. Yeye alisema, "Mbele ya kukata, jaribu wewe. Chomoa na mukono yako. Ukishaona, rudisha mbio, halafu tutaongea."

"Na kama sioni kitu?"

"Nitakupa koleo mimi mwenyewe."

Wakakubaliana. Maman Domitille alipoona watu wamerudi mahali pao alianza kupiga ukuta wa kabina kwa ngumi kutoka upande wake. "Musirudilie! Batoto, musirudilie!" Murhula akacheka, akavua saa yake, akashika fyuzi akaichomoa.

"Inawaka!" akasema Baguma.

"Inawaka!" akasema Bisimwa.

"Inawaka, Citoyen!"

Cirhuza hakuona kitu safari hii isipokuwa uso wa Murhula. Uso ulimpauka, suruali ikalowa, midomo ikaanza kuita majina ya watoto, mmoja baada ya mwingine, na kila jina alilisema kwa sauti ya juu zaidi.

"Rudisha!" Cirhuza alinong'ona. "Ingénieur, rudisha sasa!"

Murhula hakusikia. Alikuwa mbali, alikuwa anatazama watoto wake wakifanywa kitu ambacho Cirhuza hakutaka kukijua. Cirhuza akamrukia, akamkamata mkono, na yule mtu, kwa nguvu za mwenye kuzama, akajinasua akiwa bado anaona yale mambo, akamsukuma Cirhuza ukutani, na fyuzi ikamponyoka. Ikaanguka kwenye sementi. Kaure ikapasuka vipande.

Kwa kitambo hakuna kilichotokea. Mvua ikaanza kupiga mabati ya Nyawera. Kisha ikaja harufu, nywele na tope, nene mpaka ikashikwa na ulimi, na ubao mweusi ukaanguka wenyewe, na kutoka kwenye ukuta sauti ileile ikasema, sasa bila subira, "Yangu."

Mkono ulitoka ukamshika Murhula kwenye uso kama mtu anavyoshika chungwa, ukamvuta kwenye tundu ambalo halikutosha hata kichwa, na ukaendelea kumvuta, Cirhuza amemshika miguu, anasikia mifupa inavyokubali mmoja mmoja, mabega, mbavu, nyonga, mpaka akabaki na viatu viwili mikononi na damu ya moto ikimtiririkia shingoni, na tayari kile kitu kilikwisha kupita, kilikuwa nje, kwenye mvua, na safari hii watu barabarani walikiona kweli na walikimbia kweli, na kwenye nguzo Bisimwa aliita "Chef! Chef! Maman!" akaning'inia vipande viwili kwenye mkanda wake wa kupandia, na Cirhuza alitambaa sakafuni akitafuta kitu chochote cha kuunganisha, akipapasa vipande vya kaure vilivyomkata vidole, akijua kwamba kati ya nguzo na dispensari ni mteremko mfupi tu na kwamba mkewe siku hizi hawezi kukimbia, mpaka akakuta fimbo ya shaba iliyolegea kwenye fremu, akaing'oa, hakutafuta glavu, hakukumbuka glavu, akaikandamiza katikati ya midomo miwili ya mkono wa nne, pale fyuzi ilipokuwa imekaa.

Umeme ulimshika. Mkono wake wa kushoto uliwaka kama kuni kavu, akaona ngozi inavyojikunja kutoka kwenye kiganja kuelekea kiwiko, akanuka nyama yake mwenyewe, na hakuachia. Fimbo ikayeyuka kwenye ncha, ikashikamana na midomo ya shaba. Ndipo umeme ukamtupa chini.

Mvumo ukarudi.

Akajikokota mpaka mlangoni. Mvua ilifunika bonde lote, dispensari haikuonekana. Akapiga ukelele kwa pumzi yote iliyobaki, "Nani yuko?"

"Inawaka!" Baguma, analia.

Kutoka kwenye nguzo, kimya.

"Mama Georgette!" akaita. "Georgette! Jibu!"

Mvua ikanyesha. Akahesabu mapigo ya moyo wake akapotea hesabu.

"Inawaka, Citoyen!"

Cirhuza akalaza shavu kwenye matope akalia kwa furaha, bila aibu, mkono wake ukifuka moshi.

Murhula hakupatikana, ukuta ulikuwa mzima, umelowa tu. Bisimwa walimzika. Wakubwa wa chama hawakuja, kabina iliachwa, na watu waliisema ajali ya umeme, kwa kuwa neno hilo linafunika mengi. Cirhuza alikatwa mkono juu ya kiwiko, na siku zote za hospitali Georgette alikaa kwenye kiti pembeni, mkimya, akimpangusa jasho. Manesi walimsifu. Hakusinzia hata kidogo, walisema, wala hawakumwona akila. Kila aliposema neno alimwita Citoyen, lakini wodini pamejaa watu na masikio, basi Cirhuza hakuona ajabu.

Alipotoka, alipitia kwanza kabinani. Maman Domitille alikuwa amebandika sikio ukutani, rozari imezungushwa kwenye ngumi.

"Iko namna gani?" Cirhuza akauliza.

Bikizee hakumtazama usoni.

"Kamba iko," akasema. "Courant inalia muzuri. Lakini niko nagonga tangu siku ile, na hakuna mutu anajibu." Akameza mate. "Mbuzi haiko, mutoto wangu. Ulifunga kamba tupu."

"Sasa imeenda wapi?"

"Ile siku ilifika wapi?"

Cirhuza aliondoka. Alishuka mteremko polepole, akapita mbele ya ngazi za dispensari. Mtu alikuwa ameziosha kwa nguvu. Hata hivyo, kwenye nyufa za sementi palibaki wekundu. Alijiambia ni dispensari, watu huzaa hapo, damu si kitu kigeni.

Nyumbani bugali ilikuwa inafuka, na sombe la majani ya muhogo, kama apendavyo. Georgette alimvua koti, akamkalisha mezani. Tumbo lake lilikuwa palepale, kubwa, la mviringo. Nyuma ya shingo, pale nywele zinapoanzia, ngozi ilikuwa na mstari mwembamba ulioshuka ndani ya kitenge, na nyama kando ya mstari huo haikukutana vizuri. Chini ya harufu ya sombe palikuwa na harufu nyingine, ya nywele zilizoungua na tope.

Aliwaza pengine ni kovu la kuanguka siku ile. Aliwaza mengi kwa haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni huku mvua inamnyeshea. Kisha akaacha kuwaza, akangoja. Lilikuwa jaribio dogo tu, la mwisho, na lilihitaji sauti moja peke yake kutoka mwisho wa mkono.

Georgette akaenda mlangoni. Akaufunga. Akateremsha komeo, akavuta pazia la dirisha, mpaka hakuna jirani wala kijana wa chama angeweza kuwasikia. Akarudi akaketi mbele yake, akamega tonge la bugali kwa vidole, akamnyooshea mdomoni, na akatabasamu.

"Kula, Citoyen," akasema.